Kwa Uliyemwacha Shangazi Foleni Dirishani

Mwaka umekatika tangu ututoke, ndugu yetu, na bado hatujamaliza kukugombeza. Uliondoka vile vile ulivyoishi: katikati ya kazi, bila kuaga, kalamu hujaisafisha. Ulikwenda kwa kinyozi asubuhi ukisema unarudi sasa hivi. Ukaangukia kitini kwake, upande mmoja wa kichwa umekwisha kunyolewa na mwingine bado, huku ukibishana naye kuhusu bei ya nyanya. Kinyozi yule, Mungu ambariki, alikuja mwenyewe chumba cha maiti na mkasi wake kumaliza kazi.

"Siwezi kumwacha hivi," alimwambia dada yako. "Atanichora."

Dada yako akamjibu kwamba hutachora tena mtu. Ndipo machozi yakamtoka, siku ile kwa mara ya kwanza, mbele ya kinyozi, na hilo pia hajakusamehe.

Wasomaji walikujua kwa mistari yako. Sisi tulikujua kwa madoa. Wino kwenye taulo, wino kwenye kitasa cha mlango, wino kwenye mfuko wa sukari. Kifuniko cha chupa hukujua kazi yake maisha yako yote. Mkeo aliwahi kuuliza, mbele ya wageni, kama ameolewa na mwanamume au na ngisi, yule wa baharini anayetema wino. Ulimchora ngisi amevaa shati jeupe na tai, ukambandika kwenye mlango wa bafu, na yuko hapo mpaka leo, kwa sababu kila mmoja wetu anasubiri mwingine ambandue.

Ulikuwa mpole mpaka ukatukera. Neno hapana lilikuwa halipiti kooni mwako. Mtu akimwoza binti yake, unamchorea kadi. Mwenye duka akitaka kibao, unachora kibao. Mwalimu akitaka ramani ya mwili wa mwanadamu kwa ajili ya darasa lake, unachora, na unampa yule binadamu uso wa mwalimu mwenyewe. Picha zako za mkono uligawa kama njugu. Muuza samaki wa sokoni anayo moja, kaitia fremu, kaitundika juu ya mizani. Dada yako alipokwenda kumwomba airudishe kwa familia, alijibiwa, "Mama, hii nilipewa na mwenye mkono wake. Wewe umekuja na mkono wa nani?" Alirudi nyumbani bila picha na bila samaki.

Miaka yote ile ulikaa kwenye kona ya chini ya ukurasa wa mwisho wa gazeti, na katika kona ile aliishi Shangazi Foleni: mwanamke wa mwisho kwenye kila foleni, mkoba kwapani, kisigino cha kiatu kimoja kimelika, anauliza swali moja tu ambalo karani hana jibu lake. Jina hukulibuni wewe. Binti yako alipokuwa mdogo ndivyo alivyomwita dada yako, kwa kuwa kila alipomwona anatoka mlangoni alikuwa anakwenda kupanga foleni ya jambo fulani, na mara nyingi hata si jambo lake, ni la jirani asiyejua kusoma au la mpangaji aliyefungiwa chumba. Ukaiba jina, ukaiba mkoba, ukaiba na kisigino. Dada yako alikununia muda mrefu.

"Kuniweka gazetini sikatai," alisema. "Lakini kisigino kilikuhusu nini? Sasa watu hawanitazami usoni, wananitazama miguu."

Na wakubwa hukuwachora uso. Uliwachora kuanzia mshipi kwenda chini: tumbo, mshipi, mkunjo wa suruali, viatu. Ulisema uso mtu ataukana, viatu hawezi. Na kweli, kuna mheshimiwa aliyeacha kabisa kuvaa viatu vyake vyeupe baada ya wewe kuvichora vikiruka dimbwi la maji machafu mbele ya zahanati. Hukutaja jina. Yeye mwenyewe alijitambua. Leo wachoraji vijana wote wanawachora wakubwa kuanzia mshipi, na wengine wanadhani ni kanuni iliyomo vitabuni.

Lakini kikubwa ulichotuachia hakimo kwenye karatasi. Mtu akifika kwenye foleni siku hizi haulizi nani wa mwisho. Anauliza, "Shangazi nani hapa?" na dume zima lenye ndevu linanyosha mkono: "Mimi." Wengine wao hawajawahi kulishika gazeti lile. Neno limewafikia tu, kama mafua.

Kazi yako ulikuwa unaifanya kinyumenyume. Ulianza na picha, ukaimaliza yote, isipokuwa midomo. Watu wana macho, wana pua, na chini ya pua hakuna kitu. Juu ya vichwa vyao viputo vya maneno vitupu kama sahani zilizotoka kuoshwa. Kisha unakwenda kusimama kwenye foleni ya kweli, ya maji, ya dawa, ya vitambulisho, unasikiliza watu wanavyolalamika. Ukirudi huandiki kwenye karatasi. Unaandika kwa penseli kwenye ukuta wa jikoni, juu ya jiko.

"Yakae na mvuke," ulikuwa ukisema.

Mvuke wa sufuria na viwiko vya mkeo vikafuta maneno legelege. Yaliyobaki yakisomeka baada ya wiki ndiyo yaliyokwenda gazetini, na mdomo ukachorwa mwisho wa yote, maana ulisema kila neno lina mdomo wake na ukianza na mdomo umeshamfunga mtu. Mgeni akiingia jikoni aliona ukuta mchafu. Sisi tuliona gazeti la wiki ijayo.

Sasa sikia tulichofanya.

Siku ya msiba wako nyumba ilikuwa inajaa. Kaka mkubwa, ambaye hajawahi kuona doa akalala usingizi, alisimama jikoni akautazama ukuta. Wakubwa wa gazeti walikuwa njiani. Ilisemekana hata waheshimiwa watakuja. "Watu waingie wakute tunaishi hivi?" akasema, akatuma rangi. Jirani yetu fundi rangi akapiga mkono wa kwanza, akapiga wa pili. Chakula kilipopakuliwa ukuta ulikuwa mweupe kama ganda la yai. Na usidhani alifanya peke yake. Binti yako alishika ngazi. Mkeo alisogeza sufuria. Dada yako, mwenye kukumbuka nani alisema nini na alivaa nini siku aliyosema, alipita na sinia la vikombe, akatazama, akasema, "Hapo sasa pamependeza."

Majuma yakapita kabla mkeo hajapata moyo wa kuikaribia meza yako. Pale juu, chini ya rula, ilikuwepo katuni yako ya mwisho. Visanduku vinne. Shangazi Foleni, baada ya miaka yote ya kuwa wa mwisho, hana mtu mbele yake. Amefika dirishani. Kisanduku cha nne ni uso wake mtupu, mkubwa, anamtazama karani, yaani anatutazama sisi. Hana mdomo. Kiputo hakina neno. Mkeo aliitazama kwa muda, kisha akanyanyua macho taratibu, akatazama ukuta wa jikoni.

"Shemeji," alimwambia kaka mkubwa, kwa ule upole wake unaotisha, "ile rangi inatoka?"

Kaka mkubwa alivua koti. Alikwangua kwa kisu cha mkate, akapata plasta nyeupe. Akaendelea, kimya, jasho linamtoka, hadi tukaona tofali. Tofali halikuwa na la kusema. Shimo lile lipo, tumelifunika kwa kalenda.

Ulikuwa unashindwa nini kutuambia mapema? Ungemwambia hata ngisi wako pale mlangoni.

Baadaye mhariri akaja. Unamjua. Kwenye mazishi yako alilia kwa sauti kuliko mkeo. Alikaa sebuleni, akashika kikombe kwa mikono miwili, akaanza kwa huruma.

"Mama," alimwambia dada yako, "wasomaji wanateseka. Wanataka kujua Shangazi alisema nini alipofika dirishani."

"Wasomaji wamejuaje kwamba amefika?"

Kaka mkubwa akakohoa. Alikuwa amempelekea nakala ya katuni, kwa nia njema, ile ile nia njema ya rangi.

"Wasomaji waliteseka pia ulipomtoa Shangazi kwenye foleni ya dawa," dada yako akaendelea, "ukaweka tangazo la sabuni mahali pake. Na ulipomtoa kwenye foleni ya shule. Ulikuja kutueleza umevaa shati la mistari ya bluu. Ulikaa kiti hicho hicho."

"Mambo ya zamani hayo, mama."

"Kwako ya zamani. Mimi nilikuwa kwenye hiyo foleni."

Mhariri akaona afadhali aendelee. Akatoa karatasi. Mchoraji wake mpya alikuwa ameshaimalizia kazi yako, na hatusemi hajui kushika kalamu. Alikuwa amempa Shangazi mdomo, na mdomoni akapanga meno mazuri, na kwenye kiputo akaandika: *Asante, mwanangu. Sasa mambo yamenyooka.*

Dada yako aliishika karatasi mbali, kama anayeshika nepi.

"Haya meno ya nani?"

"Ni tabasamu, mama. Amefika. Amehudumiwa. Ni mwisho mwema." Mhariri akaweka kikombe chini. "Itazinduliwa ukumbini kwetu siku ya kutimiza mwaka. Mheshimiwa amekubali kuja. Ukumbi wenyewe tunafikiria kuupa jina la marehemu."

"Mheshimiwa gani?"

Mhariri akatazama zulia. "Yule wa viatu."

Kaka mkubwa alikuwa ameshapeleka suti kwa dobi. Tunalisema hili bila kumcheka, ndugu yetu, maana amekulea, na tangu utoto wako hajawahi kusikia jina la ukoo wetu likitajwa kwenye kipaza sauti isipokuwa kwa lawama.

"Nahitaji baraka zenu tu," mhariri akasema. "Bila familia siwezi, watu watanishambulia. Au nileteeni maneno yake mwenyewe. Mkiyapata nayachapa, sigusi hata herufi. Lakini viputo vitupu sichapi. Mtu hanunui gazeti akasome ukimya."

Basi ikawa hivyo: tukubali Shangazi ashukuru, au tuyapate maneno uliyoacha ukutani, au kazi yako ya mwisho ibaki mezani mpaka iliwe na mende. Dada yako akaapa kwamba kushukuru hatashukuru. Mwanamke amesimama tangu binti yako ni mdogo hadi binti yako ana mtoto wake, halafu aseme asante? Kwa lipi, kwa dirisha kufunguliwa?

Tukakaa jikoni wote kutafuta. Binti yako akasema huenda Shangazi angesema, "Jamani, nimesahau nilichokuja kutafuta." Tukacheka, kisha tukaona haya. Kaka mkubwa akasema angeanza kwa salamu, maana amelelewa. Mkeo alikuwa anachambua mchele. Mwishowe macho yote yakamwangukia dada yako. Mwenye mkoba ni yeye. Mwenye kisigino ni yeye. Kama kuna mtu anayejua, ni yeye.

"Sawa," akasema. "Nitakwenda kuyatafuta alikokuwa akiyatafuta."

Bomba letu lilikuwa kavu tangu mvua ziishe, kwa hiyo sababu ya kwenda ofisi ya maji alikuwa nayo. Alifika asubuhi foleni ikiwa imekunja kona ya jengo. Akauliza shangazi nani, mzee mwenye kofia akanyosha mkono, naye dada yako akasimama nyuma yake. Alikuwa ametega masikio yote mawili. Mama mmoja alikuwa anaeleza jinsi alivyoletewa bili ya maji ya nyumba iliyobomolewa. Dada yako akaona, haya, kazi imeanza.

Ndipo karani akachungulia dirishani. "Yule si ndiye mwenyewe?" akasema. "Si dada yake mchora katuni? Mama, usisimame huko, pita mbele."

Dada yako akakataa. Lakini foleni ilikuwa imeshageuka, watu wanatabasamu, wanapiga makofi, mzee wa kofia kamshika mkono: "Pita, Shangazi, pita, umetusimamia sana." Wakamsukuma kwa upendo, bega kwa bega, kama wanavyosukuma gari lililozima. Yeye ambaye hajawahi kumruka mtu kwenye foleni tangu azaliwe, ambaye aliwahi kumrudisha nyuma askari mwenye sare, akajikuta uso kwa uso na karani, binti msafi mwenye sauti laini.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

Nyuma yake foleni nzima ikanyamaza ili isikie. Shangazi Foleni yuko dirishani. Dada yako akafungua mdomo, na mdomo ukasema:

"Asante, mwanangu."

Neno lile lile. Hata *mwanangu* lilikuwemo. Akageuka akatoka, na bomba bado ni kavu, maana hakulitaja.

Alifika nyumbani hasalimii mtu. Aliposimulia, kaka mkubwa, kwa unyonge, akasema basi labda mhariri hakukosea sana. Dada yako alimtazama hadi akahamia sebuleni. Mkeo ndiye aliyeuliza.

"Wifi, ungebaki nyuma ya yule mzee, ungesema hivyo?"

"Ningebaki nyuma ya yule mzee, hadi sasa ningekuwa nimesimama."

"Basi. Hilo ni neno la mtu aliyeitwa mbele. Yule kwenye karatasi hakuitwa. Amefika kwa miguu yake."

Dada yako akainuka kitini. Alikuwa na maneno mengine, akasema, tena makali, matatu, ameyaokota njiani akirudi, na lolote kati ya hayo lingempasua yule mheshimiwa mshipi. Akayataja. Hatutayaandika hapa, ni makali kweli.

"Hayo pia hapana," mkeo akasema.

"Kwa nini hapana?"

"Mhariri anataka ashukuru. Wewe unataka atukane. Mume wangu alimwacha bila mdomo, na hakumwachia mtu wa kumkopesha wake. Si mhariri, si wewe." Akarudi kwenye mchele. "Akikosa neno, atakosa. Lakini hatasemewa. Kasemewa ofisi zote hizo, asemewe na nyumbani?"

Dada yako akakaa. Akanyamaza, na tunaliandika hili kwa sababu ungekuwa hapa usingeamini.

Kesho yake alikwenda yeye mwenyewe kumwambia mhariri kwamba baraka hakuna. Mhariri akasema sawa, kwa hiyo haitatoka, si mwaka huu na si kwenye gazeti lake. Hakupandisha sauti. Ukumbi ukapewa jina la mtu mwingine. Suti ya kaka mkubwa ikarudi kabatini na karatasi ya dobi bado imebanwa begani. Alipoulizwa kama ana kinyongo alisema hapana, kisha akatoka kwenda kutembea, na alirudi amemnunulia mkeo mkate.

Tunakuambia haya yote ili ujue ulivyotuchosha. Mtu anamaliza picha anaacha mdomo, halafu anakwenda kunyoa.

Juzi mkeo na dada yako walikwenda jengo lile lile la gazeti, lakini hawakupanda juu. Walisimama chini, kwenye meza ya matangazo, wakasema wanataka kuweka kumbukumbu ya mwaka mmoja. Kijana wa matangazo akauliza kama wamekuja na picha ya marehemu. Mkeo akafungua bahasha, akaweka mezani visanduku vinne.

Kijana akaigeuza huku na huku. "Hii ndiyo picha ya marehemu?"

"Ndiye," mkeo akasema.

"Mbona hana mdomo?"

"Ndivyo alivyotuacha."

Kijana akachukua rula. Akauliza iende safu moja au upana wote wa ukurasa, wakasema upana wote. Akaandika vipimo, akawaambia warudi na maneno. Dada yako, ambaye hajawahi kuacha jambo likapita vizuri bila kulichokonoa, akamuuliza maneno yawe ya namna gani, na nani atayasoma kabla hayajachapwa.

"Mama," yule kijana akasema, anaupapasa mkono wake, maana alimwona ni mfiwa, "andikeni tu ya moyoni. Kumbukumbu hatusomi. Tunapima."

Walirudi nyumbani wakitembea haraka kuliko umri wao, tukakaa wote mezani kwako, tukaandika. Ndiyo maana tangazo hili ni refu. Na hiyo hapo juu ya maneno yetu ndiyo katuni yako ya mwisho, kama ulivyoiacha, kwenye gazeti lako, upana wote wa ukurasa.

Unakumbukwa na mkeo. Binti yako na mumewe. Mjukuu wako, ambaye ameanza kuchora kwenye milango. Kaka yako mkubwa. Na dada yako, ambaye asubuhi hii amerudi ofisi ya maji, na wakimwita mbele hasogei.

Pumzika. Kukusahau tulijaribu siku zile tulizokukasirikia, tukashindwa, hatutajaribu tena.